Kila Boti Ina Nahodha Wake



Leo tunaweka pembeni singo, hina na mitindo ya vilemba. Nataka tuzungumze kuhusu boti. Najua msomaji wa kisiwani akilisikia neno hilo anafikiria bandari, tiketi na mawimbi ya mkondo wa Nungwi. Boti ninazozisema mimi zimo ndani ya simu. Ni zile akaunti za Telegram na WhatsApp ambazo ukiziandikia zinakujibu papo hapo, mchana na usiku, kwa sababu anayejibu ni programu ya kompyuta. Jina lake limekatwa kutoka kwenye neno roboti, ndiyo likafanana na chombo chetu cha baharini.

Mimi sizichukii. Ninayo moja inayonikumbusha adhkari za asubuhi na jioni, na nyingine inayonifasiria Kituruki, maana nguo nyingi za harusi siku hizi tunaziagiza Uturuki na maelezo ya vipimo huja kwa lugha yao. Yapo maduka yenye boti zinazotaja bei na saizi usiku wa manane wakati muuzaji amelala. Wapo wanaotumia boti kutuma kadi za mwaliko na kuhesabu nani atakuja. Kwa biharusi mwenye mambo arobaini na wiki tatu tu mkononi, huo ni msaada mkubwa, alhamdulillah.

Lakini kuna jambo nimekuwa nikiliona na linanikosesha raha. Tunaichukulia boti kama kabati. Mwanamke yule yule anayetafuta mtandio kabla ya kumfungulia mlango kijana wa bodaboda, haoni taabu kuitumia boti picha yake ya kichwa wazi, kwa sababu "si mtu". Anayeona haya kumtajia fundi vipimo vya kifua chake mbele ya wateja, ataviandika vyote kwenye boti pamoja na namba yake ya simu na tarehe ya harusi. Hapo ndipo ninapoomba tusimame kidogo. Boti haina macho, ni kweli. Mwenyewe anayo.

Nani anaitengeneza?

Telegram ilifungua mlango wa boti mwaka 2015. Mtu akitaka kutengeneza yake, anaiandikia boti nyingine inayoitwa BotFather, anachagua jina na picha, na ndani ya dakika chache anapewa ufunguo wake. Halipi kitu wala haonyeshi kitambulisho. Anaweza kuipa jina la saluni, la benki, la madrasa, hata la msikiti, na wakati wa kuisajili hakuna anayemuuliza kama msikiti huo upo.

Ukishaanza kuzungumza nayo, kila unachokituma kinakwenda kwa mwenye ufunguo: maandishi, sauti, picha, video, nakala ya kitambulisho. Anaweza kukisoma siku hiyo hiyo, na anaweza kukihifadhi miaka kumi. Telegram inayo mazungumzo ya siri yanayofungwa ili wayaone wawili tu, lakini hayo ni baina ya mtu na mtu. Boti haiingii humo. Ukifuta mazungumzo kwenye simu yako unakuwa umesafisha upande wako. Kilichokwisha kumfikia mwenyewe kimebaki kwake.

Yapo pia mambo ambayo boti haiyapati mpaka uipe. Jina ulilojiandikia kwenye Telegram inaliona, lakini namba yako ya simu haiioni hadi ubonyeze kitufe cha kuishiriki, na kabla ya hapo programu inakuuliza kama umeridhia. Wengi wetu tunabonyeza bila ya kusoma.

Kuna sheria nyingine ya Telegram ambayo mimi huipenda. Boti haiwezi kukuandikia wa mwanzo. Inabaki nje mpaka ubonyeze kile kitufe kilichoandikwa Start, au mtu aiingize kwenye grupu ulilomo. Surat An-Nur imetufundisha tusiingie nyumba za watu bila ya kuomba idhini na kutoa salamu, na sisi watu wa pwani hatuvuki kizingiti bila ya hodi. Basi boti nayo imewekewa hodi yake, na anayejibu "karibu" ni kidole chako. Kwa hiyo akaunti ya Telegram ikikuanza yenyewe na kudai kuwa ni boti ya huduma fulani, jua hapo pana uongo. Hiyo ni akaunti ya mtu iliyojipachika jina.

WhatsApp iko tofauti kidogo. Boti za huko hukaa kwenye akaunti za biashara, na biashara yenye namba yako inaweza kukuandikia kwanza. Gusa jina lililo juu ya mazungumzo utaona kama ni akaunti ya biashara. Mara nyengine mwanzoni huwekwa ujumbe mdogo unaosema kwamba biashara hiyo inatumia kampuni nyingine kusimamia mazungumzo. Tusiupite ujumbe huo. Maana yake ni kwamba unachokiandika kinaweza kusomwa na watu zaidi ya yule dada wa dukani unayemfikiria. Na hata Meta AI, ile iliyowekwa ndani ya WhatsApp, haimo kwenye kufuli linalolinda mazungumzo yako na mama yako. Unachoiandikia kinafika kwa kampuni ya Meta.

Yaliyomkuta mtoto wa jirani

Kisa hiki nimepewa ruhusa na mwenyewe nikisimulie, kwa sharti nisitaje jina wala mtaa.

Zikiwa zimebaki siku kumi na sita kabla ya harusi yake, aliona linki kwenye grupu la maharusi. Ilikuwa boti ya kujaribishia urembo. Unatuma picha, inakurudishia ukiwa umepambwa, na shela, na rangi ya mdomo unayoitaka. Kwanza ilimpa fomu ya kujaza ili "aingie kwenye zawadi": jina lake, jina la bwana harusi, tarehe, ukumbi, namba ya simu na kadi ya mwaliko. Akajaza. Picha ya kwanza aliyotuma alikuwa na mtandio. Ikarudi nzuri sana, mashallah, akaionyesha nyumba nzima. Kisha boti ikamwambia kwamba ili impimie mitindo ya nywele inahitaji picha ya kichwa wazi. Akatuma. Ikataka na mabega, ipate kupima shingo ya gauni la usiku wa wanawake. Akatuma.

Baada ya siku mbili akapokea ujumbe kutoka namba asiyoijua. Picha zake zote zilikuwemo, na moja ya aibu ambayo hakuipiga kamwe, imetengenezwa kutokana na zile nyingine. Chini yake maneno machache: atume laki tano kabla ya Magharibi, au bwana harusi na ukoo wake wataziona.

Mama yake aliniita kwa sababu mtaani kwetu mimi ndiye ninayeletewa simu zikiwa na matatizo. Nilimkuta binti amekaa chini, baina ya kitanda na ukuta, hajala tangu jana yake. Alikuwa anasema harusi ivunjwe tu. Bangili aliyopewa na bibi yake alishaitia kwenye mkoba ili akaiuze.

Nikawaambia tusilipe. Sikuwa na ushujaa wowote, nilikuwa najua tu kazi hii inavyokwenda: anayelipa mara ya kwanza huambiwa kuna picha nyingine zimebaki, na bei hupanda. Tukapiga skrinishoti ya kila kitu, jina la boti, namba, saa, ujumbe, na jina la aliyeweka linki kwenye grupu. Tulipomaliza ndipo tukaifunga namba ile. Lililobaki ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kumwambia baba. Mama akaingia chumbani kwake, akakaa huko muda mrefu, na walipotoka baba hakusema neno kwa mwanawe ila "vaa, ule kwanza". Kisha akaenda na mjomba wake kituo cha polisi.

Magharibi ikafika. Picha moja ikatumwa kweli, kwa shangazi wa bwana harusi, ambaye namba yake ilikuwa imeandikwa kwenye kadi. Yule mama hakuifungua mara ya pili. Aliifuta, akampigia simu mama wa binti, akamwambia: "Bi mkubwa, kuna kitu kimeletwa kwangu. Kimefika kwangu na kimeishia kwangu. Shughuli yetu iko pale pale."

Harusi ilifanyika siku ile ile iliyopangwa. Nilikuwepo, na yule shangazi ndiye aliyemfukiza udi biharusi.

Kazi hii ina wenyewe

Tusidhani kuwa hayo ni mambo ya mtoto mmoja wa kisiwani aliyekosa bahati. Mwaka 2020 kampuni ya utafiti ya Sensity ilitoa ripoti juu ya boti moja ya Telegram. Mtu anaipa picha ya mwanamke aliyevaa nguo zake, nayo inatengeneza picha ya uongo ya mwanamke huyo akiwa bila ya nguo. Wanawake waliofanyiwa hivyo na picha zao kusambazwa walizidi 100,000. Wengi wao hawakuwa watu mashuhuri. Walikuwa wanawake wa kawaida, na picha zao zilichukuliwa kwenye mitandao ya kijamii au zilitolewa na watu wanaowafahamu. Kwa hiyo hata picha yenye stara inaweza kuchezewa ikiangukia mkono mbaya. Itakuwaje ile tuliyoituma wenyewe bila ya stara?

Kingine kinatuhusu zaidi sisi watu wa harusi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kampuni ya usalama wa mitandao ya Kaspersky ilieleza wizi uliowalenga watu wa Malaysia na Brunei, nchi ambazo wengi wa watu wake ni Waislamu kama sisi. Chambo chake kilikuwa kadi ya harusi. Mtu anapokea ujumbe kwamba amealikwa na apakue programu ili aione kadi. Programu hiyo ikishaingia kwenye simu inasoma meseji zake na kuzipeleka kwa wezi, na wanaozibeba ni boti za Telegram. Wakishapata namba za uthibitisho wanaingia kwenye WhatsApp yake, na kutoka hapo wanaomba pesa kwa jamaa zake kwa jina lake.

Nani kati yetu ataletewa kadi ya harusi asiifungue? Wenyewe wanajua, ndiyo maana wakachagua kadi. Kwa hiyo tuliweke jambo hili akilini: kadi ya mwaliko ni picha au karatasi ya PDF. Kadi haihitaji kupakuliwa kama programu. Ukiona faili lililoletwa kwa ujumbe linaishia na herufi apk, usiligonge, hata kama limetoka kwa mtu unayemjua. Mpigie simu umuulize. Pengine yeye keshaingiliwa na hana habari.

Dalili za boti ya kutiliwa shaka

Mwenyezi Mungu katika aya ya 6 ya Surat Al-Hujurat ametuamrisha tuhakikishe tunapoletewa habari na mtu asiyeaminika, tusije tukafanya jambo la kujutia. Hiyo ni kanuni ya kutosha. Haya ni baadhi ya mambo ninayoyatazama nikiletewa simu.

- *Jina.* Majina ya boti za Telegram karibu zote huishia na neno bot. Wezi huchukua jina la duka linalojulikana wakabadilisha herufi moja au wakaongeza alama. Usitafute boti ya duka kwa kuandika jina lake. Nenda kwenye ukurasa wa duka lenyewe, au umuulize mwenye duka, akupe linki yake. Alama ya tiki ya uthibitisho hukaa pembeni ya jina. Ikiwa imechorwa ndani ya picha, hiyo ni picha tu. Na ukiona Telegram yenyewe imeandika SCAM au FAKE pembeni ya jina, ondoka.
- *Inataka namba ya uthibitisho.* Ile namba ya tarakimu sita inayoletwa na WhatsApp, au ile inayoletwa na Telegram, ni ufunguo wa nyumba yako. Hakuna boti ya hina, ya shela wala ya zawadi inayoihitaji. Namba ya siri ya pesa za simu ni hivyo hivyo.
- *Malipo kwa namba ya mtu binafsi.* Kabla ya kuthibitisha kutuma pesa, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Duka lina jina la kike la Kizanzibari na mpokeaji ni mwanamme usiyemjua? Simama hapo.
- *Haraka.* "Zimebaki nafasi tatu." "Ofa inafungwa baada ya dakika kumi." Biharusi ana haraka zake tayari, na wao wanajua.
- *Inakutaka uwapelekee wengine.* Zawadi ya Ramadhani au ya Idi ambayo huipati mpaka uwatumie watu kumi au magrupu matano, hiyo haina zawadi. Unachokifanya ni kumsaidia mwizi kutandaza nyavu, na anayenasa ni mama yako na dada zako.
- *Inapanda ngazi.* Hii ndiyo ninayotaka muishike kuliko zote. Inaanza na kitu kidogo ambacho hakina ubaya, kisha inaomba kidogo zaidi, kisha zaidi. Kila hatua inaonekana ndogo ukiipima na ile iliyotangulia. Usiipime hivyo. Pima hili la sasa peke yake: kama boti ingeliomba mwanzo kabisa, ungelitoa?
- *Inataka siri.* "Usimwambie mtu mpaka ikamilike." Jambo la kheri la mtoto wa kike halina haja ya kufichwa mama yake.

Dalili hii ya mwisho inanikumbusha boti za kutafutia wachumba, ambazo zimekuwa nyingi kwenye Telegram. Sisemi kwamba zote ni za uongo. Wapo watu wema wanaojaribu kurahisisha ndoa ya halali. Lakini posa kwetu ina njia yake: ina mshenga, ina wazee, ina walii. Boti inayokutaka picha tatu, umri, urefu, rangi na ada ya usajili, na haiulizi popote jina la walii wako, inakusanya kitu kingine. Mwenye nia ya kweli hababaiki akiambiwa "mzungumze na baba yangu".

Ninavyozitumia mimi

Kabla ya kubonyeza Start najiuliza mambo matatu. Mwenyewe ni nani? Anahitaji nini hasa kutoka kwangu ili anifanyie hii kazi? Na hiki anachokitaka, ningempa mkononi kama angekuwa amekaa barazani kwetu? Nikikosa jibu la swali la kwanza, siendelei na hayo mengine.

Boti ya nyakati za sala inahitaji kujua uko mji gani. Haihitaji picha wala orodha ya watu wa kwenye simu yako. Boti ya duka la nguo inahitaji vipimo; iandikie namba tupu, na jina lako litoe wakati wa kuagiza, kwa mtu. Ukitaka kujaribisha michoro ya piko, tuma picha ya kiganja, bila ya uso. Na ukitaka kujua shela ipi itakupendeza, kuna njia ya zamani na haijawahi kuvujisha picha ya mtu: simama mbele ya kioo na somo yako au mpambaji wako, na akuambie ukweli.

Halafu kuna picha za usiku wa wanawake. Sote tunajua namna tunavyojipamba siku ile, kwa sababu tupo wenyewe kwa wenyewe. Tunamtafuta mpiga picha wa kike, tunafunga milango, tunawakataza wageni kutoa simu. Kisha picha zile zile zinatumwa kwa linki iliyo wazi kwa kila mtu, au zinapitishwa kwenye boti ya kung'arisha sura ambayo hata mpiga picha hamjui mwenyewe. Kabla ya kumlipa, muulize: picha unazisafisha kwa kutumia nini? Unazihifadhi wapi? Utanipa vipi? Kama mnaishi mji mmoja, akupe kwenye flashi mkononi. Mpiga picha mwenye kujua amana hatachukia kuulizwa.

Wenye magrupu ya darsa za wanawake nao nina neno lao. Boti zinazokaribisha wanachama na kufuta matangazo zinasaidia sana. Lakini kwenye Telegram fungua orodha ya wanachama uitazame boti yenu: pembeni ya jina lake pameandikwa kama inaweza kusoma ujumbe au haiwezi. Kwa kawaida boti huona yale tu iliyoamrishwa. Ukishaipa uongozi wa grupu inaona kila kitu. Humo akina dada wanauliza masuala ya hedhi, ya eda, ya talaka, mambo ambayo hata kwa ustadha huyasema kwa sauti ya chini. Kama hamjui boti hiyo ni ya nani, itoeni, na kazi ya kufuta matangazo ifanywe na dada mmoja kwa zamu.

Mwisho, kuna mambo mawili ya kufanya leo kabla ya kulala. Kwenye WhatsApp na Telegram, ingia kwenye mipangilio uwashe uthibitisho wa hatua mbili, kisha tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, usichokitambua kiondoe. Ukimaliza, pitia boti zako zote, na ambayo huitumii izuie. Utashangaa ni nyingi kiasi gani ulizifungulia mlango ukasahau.

Ikishatokea

Usilipe. Usifute kitu kabla ya kupiga skrinishoti, kwa sababu huo ndio ushahidi wako. Kisha mzuie, umripoti ndani ya programu yenyewe, na umwambie mtu mmoja mzima unayemuamini siku hiyo hiyo. Meseji za kitapeli zinazokuja kwa simu unaweza kuzipeleka namba 15040, na huo ni utaratibu uliowekwa kwa nchi nzima. Kwa vitisho na picha, nenda polisi, na uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar, kwa hiyo asikwambie mtu kuwa hayo ni mambo ya simu tu.

Na wewe mama, mwanao akija na habari hiyo, maneno yako ya mwanzo ndiyo yatakayoamua. Ukianza na "nilikwambia", siku nyingine hatokuja, atakwenda kuuza bangili. Mpe maji, mpe chakula, kisha mshike mkono mwende pamoja. Mazungumzo ya malezi yana siku yake.

Na sisi wengine ambao picha itatufikia, kwa grupu au kwa namba tusiyoijua, tukumbuke mwizi hana nguvu yoyote bila ya sisi. Anachokiuza ni ulimi wetu. Mtume Muhammad, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha kusitiriana, na malipo ya kumsitiri Muislamu mwenzio yako kwa Allah. Usiitazame mara ya pili, usiipeleke kwa mtu "aone tu", usimuulize biharusi kama ni yeye. Ifute. Kama unamjua mama yake, mwambie mama yake.

Ewe Mwenyezi Mungu, tusitiri duniani na Akhera, zisitiri nyumba zetu na watoto wetu wa kike, wape maharusi wetu wote ndoa zenye utulivu na huruma, na utujaalie tuwe ni wenye kuzima fitina pale inapotufikia. Amin.

Mtumie chapisho hili biharusi unayemjua. Hakuna zawadi.